Abu Ma'shar al-Balkhi

Abu Ma'shar Ja'far ibn Muhammad al-Balkhi (Balkh, leo nchini Afghanistan, 787 hivi – Wasit, leo nchini Iraki, 886) alikuwa mnajimu Mwislamu kutoka Khorasan aliyefanya kazi hasa mjini Baghdad. Katika Ulaya ya Karne za Kati alijulikana kwa jina la Kilatini Albumasar. Vitabu vyake vilikusanya elimu ya unajimu ya Wagiriki, Waajemi na Wahindi, pamoja na namna zao za kugawa kila buruji katika sehemu ndogo. Katika Afrika ya Mashariki jina lake linajulikana kupitia kitabu cha Kiarabu cha kutafutia nyota ya mtu, kinachouzwa kama kitabu cha Abu Ma'shar al-Falaki.

Maisha

Abu Ma'shar alizaliwa Balkh, mji wa kale wa Khorasan ambako walikutana Waajemi, Wahindi na watu wa Asia ya Kati. Alihamia Baghdad, mji mkuu wa ukhalifa wa Bani Abbasi, na kukaa upande wa magharibi wa mji, karibu na Lango la Khorasan.

Habari nyingi za maisha yake zinatoka kwa Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake kubwa ya vitabu mnamo mwaka 987. Kwa maelezo yake, Abu Ma'shar alianza kama mwanafunzi wa hadithi za Mtume na alikuwa mpinzani mkali wa mwanafalsafa al-Kindi, akiwachochea watu dhidi yake. Al-Kindi hakumjibu kwa ugomvi, bali alimtumia mtu wa kumvutia kwenye hesabu na jiometria. Abu Ma'shar hakufika mbali katika masomo hayo, lakini yalimfungulia mlango wa unajimu, naye akaacha uadui wake. Inasemekana wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47.

Simulizi nyingine inasema alikuwa njiani kwenda kuhiji Makka alipopita kwenye maktaba ya tajiri Ali ibn Yahya. Aliingia kuitazama, akavutwa na vitabu vya unajimu, na safari yake ikaishia hapo.

Umaarufu wake haukumkinga na hatari. Khalifa al-Musta'in (alitawala 862–866) aliamuru apigwe viboko kwa sababu alitabiri jambo nalo likatokea kweli. Alifariki Wasit akiwa na umri wa karibu miaka 100. Miaka michache kabla ya hapo mji huo ulikuwa umevamiwa wakati wa uasi wa Wazanji (869–883) kusini mwa Iraki.

Kazi yake

Kitabu chake kikuu ni Utangulizi Mkubwa wa elimu ya nyota, kilichoandikwa mnamo 848 hivi na kugawanywa katika sehemu nane. Ndani yake Abu Ma'shar anautetea unajimu kwa hoja za falsafa ya Aristoteli. Mfano wake mmoja ni kupwa na kujaa kwa bahari: kwa kuwa mwezi unasogeza maji, aliona kwamba nyota nyingine nazo zinaweza kugusa mambo ya duniani. Maelezo yake kuhusu maji yalisomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Watu wa pwani wanaojua bamvua na maji mafu wangeuelewa mfano huo mara moja, lakini kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika usingekuwa na nguvu, kwa sababu kupwa na kujaa kwa ziwa hilo ni kudogo mno kuonekana kwa macho.

Aliandika pia juu ya makutano ya Zohali na Mshtarii na kuinuka kwa dola, na juu ya nyota za kuzaliwa zinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Baadhi ya vitabu vyake, pamoja na majedwali yake ya sayari, vimepotea.

Migawanyo ya buruji

Mzunguko wa buruji una digrii 360, na kila moja ya buruji 12 ina digrii 30. Kwa kuwa watu wengi huzaliwa chini ya buruji moja, wanajimu wa kale walitafuta sehemu ndogo zaidi ili kutofautisha mtu na mtu. Abu Ma'shar alizipanga katika sehemu ya tano ya Utangulizi wake:

- Nyuso (dekani): kila buruji hugawanywa mara tatu, digrii 10 kila uso, hivyo kuna nyuso 36. Asili yake ni Misri ya kale, ambako makundi 36 ya nyota yalitumiwa kuhesabu saa za usiku.
- Mipaka: sehemu tano zisizolingana, kila moja chini ya sayari moja. Jua na Mwezi hazina mipaka.
- Sehemu za tisa: digrii 3 na dakika 20 kila moja, jumla 108. Hizi zilitoka Uhindi.
- Sehemu za kumi na mbili: digrii 2 na nusu kila moja, jumla 144.

Kwa mfano, sayari iliyo katika digrii ya 14 ya Kondoo (Hamali) imo katika nyumba ya Mirihi. Lakini iko kwenye uso wa pili, ambao ni wa Jua. Imo katika mpaka wa Utaridi. Sehemu yake ya tisa ni ya Simba, yaani ya Jua tena. Na sehemu yake ya kumi na mbili ni ya Mashuke, yaani ya Utaridi. Mnajimu alipima mashahidi hao wote kabla ya kutoa hukumu. Kondoo peke yake ingemwonyesha mtu mkali wa Mirihi, lakini sehemu ndogo zingeongeza cheo cha Jua na akili ya Utaridi.

Katika sehemu ya sita Abu Ma'shar alieleza picha zinazochomoza pamoja na kila uso kwa mapokeo matatu: ya Waajemi, ya Wahindi na ya Wagiriki. Kwa Wahindi, uso wa kwanza wa Kondoo ni mtu mweusi mwenye macho mekundu, aliyevaa nguo nyeupe.

Sharti la wakati

Kadiri sehemu inavyokuwa ndogo, ndivyo saa ya kuzaliwa inavyopaswa kujulikana kwa usahihi zaidi. Digrii moja ya buruji huchomoza mashariki kwa wastani wa dakika 4. Kwa hiyo uso mmoja huchukua takriban dakika 40, sehemu ya tisa dakika 13, na sehemu ya kumi na mbili dakika 10 tu.

Mahali nako kunabadilisha hesabu. Baghdad, iliyo mbali kaskazini mwa ikweta, baadhi ya buruji huchomoza haraka na nyingine polepole. Ujiji, karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, tofauti hiyo ni ndogo na kila buruji huchukua karibu saa mbili. Aidha, Ujiji iko takriban digrii 9 magharibi ya Bagamoyo. Jua huchelewa hapo kwa dakika 37 hivi, karibu muda wa uso mzima. Kwa saa rasmi ya Tanzania, jua la Kigoma hufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Hivyo anayetumia hesabu ya pwani kwa mtoto aliyezaliwa Kigoma anaweza kumweka kwenye uso usio wake.

Afrika ya Mashariki

Elimu ya falaki ilifika pwani ya Waswahili pamoja na Uislamu na biashara ya Bahari Hindi. Kitabu kinachobeba jina la Abu Ma'shar hakihitaji saa ya kuzaliwa. Herufi za jina la mtu na la mama yake hugeuzwa kuwa namba kwa hesabu ya abjadi, jumla hugawanywa kwa 12, na baki huonyesha nyota yake. Wataalamu wengi hawakubali kwamba aliandika kitabu hicho mwenyewe. Hata hivyo mapokeo ya vitabu vya namna hiyo yalihifadhi nyuso tatu za kila buruji.

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilifika Ujiji. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari wakiutumia mji huo kama kituo. Uislamu na Kiswahili vilishika mizizi kando ya ziwa, na pamoja na lugha hiyo yalikuja maneno ya falaki: nyota ya mtu, buruji, siku njema na siku ya nuhusi.

Athari na ukosoaji

Utangulizi Mkubwa ulitafsiriwa kwa Kilatini mara mbili, mwaka 1133 na mwaka 1140, na kupigwa chapa Augsburg mwaka 1489. Picha za nyuso zake zilichorwa mnamo 1470 hivi katika jumba la Schifanoia mjini Ferrara, Italia. Chanzo chake kilitambuliwa na mwanahistoria wa sanaa Aby Warburg mwaka 1912.

Al-Biruni alimkosoa vikali kwa hesabu zake za mizunguko ya miaka. Wanazuoni wa Kiislamu walikubali elimu ya nyota kwa ajili ya kibla na nyakati za sala, lakini wengi walikataa utabiri. Sayansi ya leo haikubali kwamba buruji au sehemu zake huamua tabia ya mtu. Pia, kwa sababu mhimili wa Dunia hugeuka polepole, buruji za wanajimu hazilingani tena na makundi ya nyota yenye majina hayo. Vitabu vyake vinabaki chanzo muhimu cha historia ya sayansi, kwa kuwa vimehifadhi mapokeo ambayo maandishi yake ya asili mengi yamepotea.