Habib Swaleh na Darsa ya Langoni

Mijadala kuhusu ufundishaji wa kusoma katika shule za upili nchini Kenya aghalabu huanzia kwa wamishenari na walimu wa kikoloni. Kwa kufanya hivyo humsahau Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, aliyesomesha Langoni, mjini Lamu, miongo mingi kabla ya shule ya upili kufunguliwa kisiwani humo.

Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akahamia Lamu ujanani. Elimu ya juu ya dini wakati huo ilikuwa milki ya koo chache za kiungwana, hasa za Mkomani. Mtoto wa mtumwa, akibahatika kufika chuoni, aliishia kukariri Kurani pasi na kuijua maana. Kusoma kwa kuelewa kulikuwa cheo. Habib Swaleh alikaa Langoni miongoni mwa wanyonge, akawakalisha watoto wao darsani. Ikumbukwe kwamba utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Yeye alikuwa ameshaanza.

Njia yenyewe haikuwa ngeni, kwani ndiyo ya darsa za pwani nzima. Mwalimu husoma fungu la Kiarabu kwa sauti, hulifasiri kwa Kiswahili, kisha hulieleza. Mwanafunzi hufuata kitabuni, naye hupewa zamu ya kusoma mbele ya wenzake. Akikosea irabu husahihishwa papo hapo. Kusoma kwa sauti na kusoma kwa ufahamu, ambako miongozo ya walimu hukutenga katika vipindi viwili, hapo ni tendo moja. Jipya la Langoni lilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kuketi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ulisimama msikiti wa Riyadha, wenye jina moja na ule wa Ali al-Habshi huko Seiyun, Hadhramaut. Maulidi aliyoyatunga al-Habshi yakasomwa hapo kwa matwari. Baadhi ya waungwana walichukizwa na ngoma msikitini, na pengine zaidi na waliozipiga. Hata hivyo, asiyejua herufi alipata kukisikia kitabu kikisomwa, akakijua kwa moyo.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu. Wanawe waliendeleza darsa, na wanafunzi wakaja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hati za mkono za Riyadha zilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa ufadhili wa Maktaba ya Uingereza. Nyingi bado zinangoja wasomaji.