Oswaldo Cruz na Jiji Lililokataa Chanjo

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyepindukia miaka sabini, aliniuliza majuzi swali lililonitatiza. Daktari alikuwa amemshauri achanjwe mafua, naye akataka kujua ni tangu lini watu wazima wakachanjwa kwa sababu ya kamasi. Nilimjibu kwa kadiri ya ujuzi wangu, lakini niliporejea nyumbani nilitambua kwamba sikuwa nimemjibu ipasavyo. Swali lake halikuwa la utabibu peke yake. Lilikuwa pia swali la lugha, na lugha ndiyo kazi yangu. Hapo ndipo nilipomkumbuka daktari mmoja wa Brazil aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita, ambaye maisha yake ni funzo kwa kila serikali itakayo wakazi wa mji waikubali chanjo.

Oswaldo Gonçalves Cruz alizaliwa tarehe 5 Agosti, 1872, katika mji mdogo wa São Luiz do Paraitinga, jimbo la São Paulo. Babake alikuwa daktari. Familia ilihamia Rio de Janeiro, uliokuwa mji mkuu wa Brazil wakati huo, kijana huyo akiwa bado mtoto. Alianza masomo ya udaktari akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka wa 1892 akahitimu kwa tasnifu kuhusu jinsi maji yanavyoeneza viini vya maradhi. Miaka michache baadaye alisafiri hadi Paris kusomea katika Taasisi ya Pasteur, iliyokuwa kitovu cha elimu hiyo changa.

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1899, tauni ilikuwa imeingia katika bandari ya Santos. Cruz alikuwa miongoni mwa wataalamu waliothibitisha kwamba maradhi hayo yalikuwa tauni kweli. Ili nchi isitegemee dawa za kuagizwa kutoka ng'ambo, serikali ilianzisha maabara mwaka wa 1900 katika shamba lililoitwa Manguinhos, pembezoni mwa Rio. Cruz alisimamia kazi yake ya kitaalamu, na kufikia mwaka wa 1902 akawa mkurugenzi wake. Mwezi wa Machi mwaka wa 1903, Rais Rodrigues Alves alimteua kuwa mkuu wa afya ya umma. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Mji aliokabidhiwa ulikuwa na watu wapatao 800,000, na mabaharia wa kigeni waliuogopa kwa sababu ya maradhi yake. Wakati uo huo, Meya Pereira Passos alikuwa akibomoa majumba ya zamani katikati ya mji ili apitishe barabara pana mfano wa zile za Paris. Maelfu ya maskini walisukumwa vilimani na viungani. Wengi wao walikuwa wamepata kuwa watumwa au walikuwa watoto wa watumwa, kwa maana utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka wa 1888 tu. Kwa watu hao, ofisa wa serikali aliyebisha hodi hakuwa mgeni wa heri. Aghalabu alikuja kuwaambia wahame.

Cruz alikabiliana na maradhi matatu. Tauni aliipiga vita kwa kuwaangamiza panya, na serikali ikawa inawanunua kutoka kwa wananchi. Homa ya manjano aliipiga kwa kuwatuma wafanyakazi nyumba hata nyumba, wakafunika matangi ya maji na kufukiza vyumba ili mbu wafe. Hata baadhi ya madaktari hawakuamini kwamba mbu ndiye mchukuzi wa homa hiyo, na wachoraji wa magazeti walimfanya Cruz kichekesho chao cha kila siku. Hakutetereka. Homa iliyokuwa imeua watu karibu 1,000 jijini mwaka wa 1902 ilikuwa imetokomezwa kabla ya muongo huo kwisha.

La tatu lilikuwa ndui. Chanjo yake ilikuwa imejulikana tangu Edward Jenner alipoijaribu kule Uingereza mwaka wa 1796, na sheria za kuwalazimisha watu wa Rio wachanjwe zilikuwako tangu miaka ya 1830, ila hazikutekelezwa. Mwaka wa 1904 ndui iliua watu wapatao 3,500 mjini humo. Cruz aliomba sheria yenye meno, nayo ikapitishwa tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Siku chache baadaye, gazeti moja lilichapisha rasimu ya kanuni zake. Asiye na cheti cha chanjo asingeandikishwa shuleni, asingeajiriwa, asingesafiri, wala asingefunga ndoa.

Tarehe 10 Novemba, mji ulilipuka. Watu walipindua magari ya tramu, wakavunja taa za barabarani na kuweka vizuizi mitaani, hasa katika mtaa wa Saúde ulioko karibu na bandari. Wanafunzi wa chuo cha kijeshi nao waliasi, wakinuia kumng'oa rais. Ghasia hizo ziliendelea kwa takriban juma moja. Watu 30 waliuawa, 110 wakajeruhiwa, 945 wakakamatwa, na 461 kati yao wakasafirishwa kwa nguvu hadi Acre, mpakani magharibi mwa nchi. Serikali ilishinda vita vya barabarani, lakini ikaiondoa ile amri ya lazima.

Je, watu wale walikuwa wajinga? Sidhani. Wanasiasa waliitumia hasira yao, hilo ni kweli. Lakini palikuwa na mambo mengine. Wanaume waliambiwa kwamba maofisa wangewavua nguo wake zao na mabinti zao ili wawachanje mikono na mapaja. Wengine walikuwa na desturi za kale, zilizotoka Afrika, za kuikabili ndui. Cruz alikuwa amewahi kuchapisha mawaidha kwa umma kuhusu homa ya manjano, lakini karatasi haimsemeshi asiyejua kusoma, na wasiojua kusoma walikuwa wengi. Ukweli wa kisayansi ulikuwa upande wake. Uliwafikia wananchi ukiwa umevaa sare ya polisi.

Gharama ya kutoelewana huko ililipwa mwaka wa 1908. Ndui ilirudi kwa ukali zaidi, ikaua watu zaidi ya 6,000. Safari hii wananchi walikimbilia chanjo kwa hiari yao. Kilichowashawishi ni jeneza la jirani, na huyo ni mwalimu ghali mno.

Cruz mwenyewe alikwisha kupata sifa ulimwenguni. Mwaka wa 1907, mkutano wa kimataifa wa afya mjini Berlin uliitunukia kazi yake nishani ya dhahabu, na mwaka uliofuata taasisi ya Manguinhos ikapewa jina lake. Aliacha wadhifa wa serikali mwaka wa 1909, na mwaka wa 1910 akaenda misitu ya Amazoni kuchunguza malaria iliyokuwa ikiwamaliza wajenzi wa reli ya Madeira-Mamoré. Mwaka wa 1916 alikuwa meya wa Petrópolis kwa muda mfupi. Ugonjwa wa figo ulimuua tarehe 11 Februari, 1917, akiwa na umri wa miaka 44.

Brazil ilijifunza. Ndui ilikoma huko mwaka wa 1971, na tangu mwaka wa 1999 nchi hiyo huendesha kampeni ya kila mwaka ya kuwachanja wazee dhidi ya homa ya mafua, bila malipo. Hata hivyo, miaka ya karibuni kampeni hiyo imeshindwa kufikia lengo lake la asilimia 90. Imani ya watu haijengwi mara moja ikadumu milele.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Neno chanjo latokana na kitenzi kuchanja, yaani kuitia ngozi chale. Lilifaa sana kwa ndui, kwa maana ngozi ilichanjwa hasa, na mtu alilijua pigo analokingwa nalo. Neno mafua halina bahati hiyo. Mwenye kamasi za siku tatu husema ana mafua, au ana homa, na aliyelazwa hospitalini kwa influenza huambiwa hayo hayo. Magonjwa mawili yametiwa katika gunia moja. Virusi vya influenza ni vingine kabisa, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba vinasababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kutokana na maradhi ya kupumua. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, waja wazito na wenye maradhi ya moyo au pumu. Virusi hivyo hubadilika, na ndiyo sababu chanjo hurekebishwa na mtu hudungwa upya kila mwaka. Chanjo hii haimkingi kila mtu, lakini hupunguza uwezekano wa kuugua sana na kufa. Haizuii kamasi za kawaida. Basi mtu akichanjwa leo, akapiga chafya juma lijalo, hudai kwamba ametapeliwa. Aliyemtapeli ni jina.

Hapa nchini, jopo la kuishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza. Pendekezo kama hilo haliwezi kufaulu Nairobi au Mombasa kwa mabango peke yake. Ningependa wakuu wetu wa afya waanze kwa kuyatenganisha majina: mafua yabaki mafua, na influenza iitwe influenza katika kila kliniki na kila redio. Kisha wahudumu waende sokoni, kanisani, msikitini na kwenye vituo vya matatu kabla ya sindano kufika, wawasikilize watu na kujibu maswali yao hata yale ya kipuuzi. Mtu akihoji, asichukuliwe kuwa mkaidi. Cruz aliwaona waliohoji kuwa ni kikwazo, na kufikia mwaka wa 1908 wengi wao yamkini walikuwa makaburini.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza haya yote, Rio na gunia la majina. Hakuniahidi kitu. Aliniuliza chanjo hiyo yauzwa pesa ngapi, yadumu muda gani, na kama mkewe mwenye pumu aweza kuipata siku hiyo hiyo. Maswali hayo matatu yalikuwa ya daktari, nami nikamwambia ayapeleke huko.