Denis Burkitt na Ramani ya Uvimbe wa Taya

Mwaka 1957, daktari Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake mpasuaji katika wodi ya watoto ili amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya la juu na la chini, kushoto na kulia, yote yalikuwa yamevimba. Mpasuaji huyo, Denis Parsons Burkitt, alishangaa, kwa kuwa uvimbe wa kawaida hushika upande mmoja tu. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nje, na uso wake una umbo lile lile. Alipompima, alikuta uvimbe tumboni pia. Tangu siku hiyo jambo hilo halikumtoka akilini.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali na mpenzi mkubwa wa ndege. Aliwavika ndege wadogo pete za chuma miguuni, kisha akachora ramani ya eneo alilolitawala kila mmoja. Ramani za mwana zimesifiwa sana, lakini haifai kuisahau hiyo ya baba. Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akauacha, akahitimu udaktari mwaka 1935. Wakati wa vita alikuwa daktari wa jeshi, na Afrika Mashariki ikamvutia. Mwaka 1946 akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aliona kwamba wanaume wenye mabusha walitoka zaidi mashariki ya wilaya kuliko magharibi. Badala ya kupasua tu na kunyamaza, alihesabu, akaandika, akachora ramani. Mwaka 1948 alihamia Kampala.

Basi ule uvimbe wa taya ulimkuta mtu aliyezoea kuuliza ugonjwa uko wapi na wapi haupo. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alitambua kwamba watoto wengi walikuwa wameugua hivyo. Hata Albert Cook, mmisionari wa Mengo, alikuwa ameuandika ugonjwa huo miaka mingi kabla. Waliouona walikuwa wengi, ila hakuna aliyeziunganisha habari zake. Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 1958. Jina aliloupa uvimbe huo halikuwa sahihi: Gregory O'Conor, mtaalamu wa maabara hapo Mulago, alionyesha kuwa ulikuwa saratani ya chembe za limfu. (Mwanachuo azingatie kwamba neno saratani tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kaa, yule mnyama wa pwani.)

Kwa ruzuku ndogo mno, Burkitt alichapisha karatasi zenye maswali na picha za wagonjwa, akazituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni barani Afrika. Kila jibu lilipofika, alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini hizo zikafanya mkanda uliokata bara katikati, pamoja na mkia ulioteremka kuelekea Msumbiji. Je, mpaka wa mkanda huo uliwekwa na nini? Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, akifuatana na madaktari Ted Williams wa Kuluva na Clifford Nelson. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali kubwa na zahanati ndogo, wakionyesha picha na kuuliza kama ugonjwa ule umeonekana huko. Karibu na ikweta uvimbe ulikuwa nadra katika nyanda za juu, kama zile za Kigezi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyobaki katika mabonde tu. Ulitaka joto na mvua. Burkitt alikata shauri kwamba mbu ndiye anayeusambaza.

Hapo alikosea, na alipatia pia. Mwaka huo huo, kabla ya safari, alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekiona kirusi kipya kwa hadubini ya elektroni. Kirusi hicho huambukizwa kwa mate, wala hakiletwi na mbu. Lakini mbu huleta malaria, na malaria ya mara kwa mara huchochea chembe nyeupe za aina ya B, ambazo ndizo makao ya kirusi, zizaliane kwa wingi. Katika kuzaliana huko, kipande cha kromosomu ya 8 huweza kukatika kikaungana na kromosomu nyingine, aghalabu ya 14. Jeni inayoamuru chembe kuongezeka ikabaki imewashwa, bila kuzimwa.

Kisu hakikufaa kitu, maana uvimbe huo huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, kama methotreksati na siklofosfamaidi, kwa vipimo vidogo. Uvimbe uliyeyuka, baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo ambalo wakati huo halikutarajiwa popote duniani.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafanya kazi London na kupata sifa nyingine kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993. Mulago nako, mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu uvimbe ule, nacho kikakua hata kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.