Douglas Sirk, mtengenezaji wa filme za machozi aliyemuona mtoto wake kwenye sinema tu

Katika miaka ya 1950, watu wengi Marekani, zaidi akina mama, waliingia sinema kuangalia filme za Douglas Sirk. Walilia hadi mwisho, kiisha wakatoka inje na haya kidogo, kwani wakosoaji walizicheka kama filme za kuliza wanawake. Leo vijana wengi hawazijui.

Kusema kweli, hadithi zake zilipita kipimo. Katika Magnificent Obsession ya 1954, kijana tajiri anapata ajali ya mashua. Mashine ya kupumua inayomuokoa ndiyo inayokosekana kwa daktari mmoja aliyeshikwa na moyo saa ileile, naye anakufa. Kijana anamfuata mjane wa daktari. Mama huyo, akimkimbia, anagongwa na gari na kupofuka. Basi kijana anarudi kusoma udaktari, na ni yeye anayempasua na kumrudishia macho! Hata hivyo filme ilipendwa sana, na Rock Hudson, aliyecheza kijana yule, akawa nyota.

Lakini maisha ya Sirk mwenyewe yalikuwa magumu kuliko filme hizo. Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1897, kwa jina la Hans Detlef Sierck. Mwaka wa 1925 bibi yake wa kwanza, Lydia Brincken, alimzalia mtoto, Klaus Detlef. Waliachana, na Sirk akaoa Hilde Jary, mwigizaji Myahudi. Lydia akajiunga na Wanazi, na juu ya ndoa ile, baba akakatazwa kuonana na mtoto wake.

Klaus akawa mwigizaji mdogo katika filme za utawala wa Hitler. Njia moja tu ilibakia kwa baba: kuingia sinema, kukaa gizani kati ya watu, na kumwangalia mtoto wake akikua kwenye kitambaa cheupe.

Mwaka wa 1937 Sirk alitoroka Ujerumani, na baadaye akafika Marekani pamoja na Hilde. Klaus aliingizwa jeshini, akauawa vitani upande wa mashariki mwaka wa 1944, hajafikisha miaka 20.

Mwaka wa 1958 Sirk alitoa A Time to Love and a Time to Die. Askari kijana Mjerumani anapata likizo kutoka vita vya Urusi, anaoa, anarudi vitani na kufa. Ni vigumu kuiangalia bila kumkumbuka Klaus.

Mwaka uliofuata ulitoka Imitation of Life: binti mwenye ngozi nyeupe anamkana mama yake mweusi, kiisha anakuja kuangukia jeneza lake akilia. Filme hiyo iliingiza pesa nyingi sana. Sirk, badala ya kuendelea, aliacha Hollywood na kurudi Ulaya. Aliaga dunia Lugano, Uswisi, mwezi wa kwanza mwaka wa 1987.