Karoli Lwanga na Siku Isiyojulikana

Mwaka 1885, katika nchi ya Uganda, ng'ambo ya Ziwa Alberti, hofu kubwa iliingia katika jumba la mfalme. Mfalme Mwanga alikuwa bado kijana, naye aliwashuku wageni na dini yao mpya. Mtu mwenye wasiwasi akishika mikuki, majirani zake hawalali. Tarehe 15 Novemba aliagiza auawe Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa jumba, kwa kuwa alithubutu kumkanya juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana, na kwa kuwa aliwakinga vijana wasitiwe katika uchafu.

Siku ile ile Karoli Lwanga, mtu wa Buddu mwenye umri wa miaka ipatayo 25, alikwenda kwa Mapadri Weupe, ndugu za wale waliokuja baadaye kuhubiri Ituri, akabatizwa pamoja na wenziwe. Kisha akarudi jumbani kushika kazi yake, na mzigo wa marehemu ukawa juu ya mabega yake.

Miezi sita ikapita hivi. Hakuna aliyejua kama mfalme ataamka na furaha au na ghadhabu. Mwezi wa Februari 1886 moto uliteketeza jumba, wote wakahamia Munyonyo, kando ya Ziwa Nyanza. Lwanga aliwafundisha vijana sala, akawaficha mfalme alipowataka kwa dhambi, akawahimiza watumike vema katika kazi zao za kila siku. Kukimbia aliweza, lakini vijana angewaachia nani?

Kati yao alikuwamo Kizito, mtoto wa miaka ipatayo 14. Alikuwa akimsihi Padri Lourdel, ambaye watu walimwita Mapera, ambatize upesi, na padri alimwambia angoje. Tena mtoto huyo aliogopa. Na nani asiogope? Lwanga hakumwahidi kwamba watapona, maana jambo hilo halikuwa mkononi mwake. Alimwahidi lililokuwa mkononi mwake kweli: siku ikifika, atamshika mkono, nao watakwenda pamoja. Ahadi hiyo ilikuwa ndogo, lakini mtoto aliweza kuiegemea.

Tarehe 25 Mei mfalme alirudi kutoka kuwinda viboko, akawaka hasira, akamchoma mkuki kijana Dionisi Ssebuggwawo kwa kuwa alimfundisha mwenziwe dini. Malango yakafungwa. Usiku ule Lwanga hakungoja kujua kama padri ataweza kufika. Alichukua maji, akawabatiza yeye mwenyewe wakatekumeni wanne: Kizito, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Gyavira. Asubuhi mfalme aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Lwanga alisimama wa kwanza, na mkono wa Kizito ulikuwa mkononi mwake.

Walifungwa kamba, wakapelekwa Namugongo, na baadhi yao waliuawa njiani. Huko walingoja karibu juma zima, wakati kuni zikikusanywa. Siku zile huenda zilikuwa ngumu kuliko moto wenyewe, kwa kuwa kila asubuhi yaweza kuwa ya mwisho. Wafungwa walisali asubuhi na jioni, wakatiana moyo.

Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenziwe, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole, kuanzia miguuni. Hivyo njia ya mwisho Kizito aliiendea bila mkono ule, naye hakurudi nyuma. Wakatoliki waliochomwa siku ile walikuwa 13, na Waanglikana walikufa pamoja nao.

Miongoni mwa hao 13 alikuwamo Mukasa Kiriwawanvu. Yeye aligombana na Gyavira, akatiwa kifungoni, na kwa hiyo usiku wa ubatizo hakuwapo. Wafungwa walipotolewa, wawili hao walipatana. Mukasa alikwenda motoni akiwa katekumeni bado, bila maji kumwagwa kichwani pake. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu, jina lake lilisomwa pamoja na la Karoli Lwanga na la Kizito, kwa kuwa Kanisa lauhesabu ubatizo wa damu.