Daktari wa Jicho Moja



Miezi miwili iliyopita jumuiya yetu hapa Kurasini ilisali kwa mama mmoja ambaye mtoto wake wa miaka sita alivimba taya. Mmoja akasema ni jino, mwingine akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi, na digrii yangu ya falsafa, nilikaa kimya. Niliporudi chumbani nikaanza kusoma, ndipo nikakutana na Denis Burkitt. Hakuwa Mkatoliki, nasema mapema msije mkanirukia, ila alisali kweli kweli.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alipofika chuo kikuu Dublin alianza uhandisi, akakutana na wanafunzi waliokuwa wakisoma Biblia pamoja, imani ikawaka, akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ikamleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, Uganda, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt alipigwa butwaa. Hapa niseme kidogo: si kila uvimbe wa mfupa ni saratani. Upo usio na madhara makubwa, unakua polepole na haujitawanyi, kama kinundu kinachotokea karibu na goti la kijana. Na upo ule mkali, kama osteosakoma, nao pia unapenda goti la kijana, lakini unaweza kuhamia mapafuni. Kwa macho tu huwezi kutenganisha, lazima picha na kipimo cha nyama. Sasa huu wa mtoto wa Mulago haukufanana na wowote: uvimbe ukianzia kwenye mfupa, kwa kawaida unaanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Huyu hadi tumboni alikuwa na uvimbe.

Kwenye mantiki tulifundishwa kwamba mifano miwili haithibitishi kitu. Kweli, lakini ilimnyima usingizi.

Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo akidhani ni saratani ya taya lenyewe. Baadaye ikaonekana ni limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, inayovamia taya. Aliandikia mamia ya hospitali akiuliza nani ameuona. Oktoba 1961 akapanda gari kuukuu aina ya Ford pamoja na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapita Tanganyika mpaka Afrika Kusini, wiki 10, kilomita kama 16,000. Waligundua ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, nyanda za juu zenye baridi karibu haupo. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Jamani, sisi wa pwani tumo humo humo. Mwaka 1964 watafiti wa London, waliovutiwa na mhadhara wake, wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Kisu hakikusaidia, angekata uso mzima wa mtoto? Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa, dozi chache tu, na kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka na haukurudi. Mpasuaji aliyeweka kisu chini! Kwangu huo ndio unyenyekevu. Alifariki mwaka 1993, na ugonjwa bado unaitwa kwa jina lake.

Mtoto wa jumuiya yetu alipelekwa hospitali. Kipimo cha nyama kimeonyesha ni huo huo. Ameanza dripu za dawa na taya limeanza kushuka. Jumamosi tunasali rozari kwao saa kumi jioni. Mama yake anaomba tusije na ngoma, maana dogo bado anatapika.