Mohamed Amin na Mwanga wa Mbio

Vijana wa Likoni wachezapo kandanda Shelly Beach, maji yakipwa, mimi huketi nikawatazama na kamera yangu ya zamani mkononi. Hapo humkumbuka marehemu Mohamed Amin. Wengi wamjua kwa picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Wachache wajua kuwa michezo nayo aliipiga picha.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, babake akifanya kazi ya reli, kisha wakahamia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa ile ya sanduku, Box Brownie. Kamera hiyo haina spidi ya kuchagua. Gari likipita mbio hutoka ukungu mtupu, basi mwenyewe hana budi kungoja penye kona, dereva akanyagapo breki. Na bado kijana yule aliyafuata magari ya Safari. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, na mwaka 1972 yeye na Peter Moll wakatoa kitabu cha picha za wanariadha wa Kenya.

Tusidhani ni kazi nyepesi. Mguu wa mkimbiaji hautulii pichani mpaka spidi ifike sehemu moja ya 500 ya sekunde, na afadhali ya 1,000. Spidi ikizidi, mwanga hupungua, hivyo tundu la lenzi sharti lipanuliwe. Kwa filamu ya 100 na jua kali, spidi ya 125 hutaka tundu la 16. Ya 1,000 hutaka 5.6. Halafu kuna hila ya mchanga. Kipimo cha mwanga huona weupe wake na mng'aro wa bahari, kikadhani mwanga umezidi, na nyuso zetu zikatoka kama masizi. Yataka tundu lifunguliwe hatua moja zaidi. Mimi kipimo hukielekeza usoni pa mtu, si baharini.

Tundu hilo huzungushwa kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1991 ghala la silaha liliripuka Addis Ababa, na Amin akapoteza mkono huo huo. Akavishwa wa bandia, akarudi kazini. Wengine humsifu kwa ujasiri. Mimi humsifu zaidi kwa kujifunza upya kushika kamera, naye ameshapita miaka 45.

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, Amin akiwa mmoja wao. Mtalii aliyekuwa ufukweni aliinasa kwa kamera yake ikigusa maji.